Mwanafunzi wangu anatishiwa kwa picha, walimu wenzangu wanasema ni mambo ya utoto

BARUA

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata, shule ya kutwa ya mchanganyiko. Naomba ushauri juu ya suala ambalo limeigawa ofisi yetu nzima.

Kuna binti wa Kidato cha Tatu, umri wake miaka 16. Mwaka jana alikuwa mchangamfu na tegemeo la timu ya netiboli. Muhula huu amekuwa mtu mwingine. Kipindi cha kwanza anasinzia, mazoezini haonekani, na kengele ya kutoka ikilia anaondoka mbio utadhani ameacha chungu motoni. Majuzi alimwomba mwalimu mmoja simu, akidai kuna mtu lazima amjibu sasa hivi. Hapo ndipo nilipomwita.

Alifunguka taratibu. Ana uhusiano na mvulana wa Kidato cha Nne hapa hapa shuleni, miaka 17. Kijana anaijua namba ya siri ya simu yake, anasoma meseji zake hata akiwa kwao, na kila jioni anamtaka apige simu ya video amwonyeshe yuko wapi na yuko na nani. Alimwomba picha za utupu, binti akatuma mbili. Alipotaka waachane aliambiwa: "Ukiniacha, grupu la darasa litaziona, na shule itakufukuza." Siku moja njiani alimkaba shingo. Sasa picha moja imeshaanza kuzunguka.

Nililifikisha kwenye kikao cha walimu. Mwalimu wa nidhamu anataka wote wawili wachapwe mstarini na kusimamishwa masomo. Wengine walicheka, wakasema mapenzi ya shule hayo, yatapita. Mkuu wa shule anahofia jina la shule, anataka wazazi waitwe wayamalize wenyewe. Na mwalimu mmoja aliipata ile picha, akaiweka kwenye grupu letu la WhatsApp "ili tujue tunachokizungumzia".

Je, huu ni ukatili au ni utovu wa nidhamu? Nianzie wapi? Simu ya binti nifanye nayo nini? Na nifanyeje wenzangu wayaone mambo haya mapema?

Mwalimu wa Malezi, Kanda ya Ziwa


JIBU

Mwalimu, pole na mzigo huo, na ahsante kwa kumsikiliza binti kabla ya kumhukumu. Maswali yako tutayajibu, ila kuna jambo hukuliuliza nalo ndilo la leo kabla ya kulala: ile picha iliyoko kwenye grupu la walimu.

Binti wa miaka 16 ni mtoto kisheria, na picha ya utupu ya mtoto haisambazwi kwa nia njema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha au kusambaza ponografia ya watoto kwa mfumo wa kompyuta, na simu ya mkononi imo humo. Faini yake inaanzia shilingi milioni 50 na kifungo kinaanzia miaka 7. Mwenzenu alidhani anawapa taarifa, kumbe amejiingiza pabaya na amewaingiza wenzake. Andika kwenye karatasi nani aliiweka, tarehe na saa. Kisha admini wa grupu aifute kwa kila mtu. Hapo kazi haijaisha: WhatsApp kwenye simu nyingi hupakua picha zenyewe na kuzihifadhi kwenye galari, kwa hiyo kila mjumbe aingie galari yake afute, na anayetumia Google Photos asafishe hadi sehemu ya taka, ambako picha iliyofutwa inaweza kukaa siku 60. Mtu yeyote asiombe kutumiwa tena, mkuu wa shule akiwemo. Kwenye taarifa ya maandishi sentensi moja inatosha kueleza picha inaonyesha nini. Na mkienda polisi, hili la grupu la walimu lisemeni wenyewe, lisije likagunduliwa baadaye.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, ni ukatili, tena wa namna kadhaa kwa mpigo. Kukaba ni ukatili wa mwili. Kusoma meseji za mtu na kumtaka athibitishe kwa video alipo kila jioni ni kumtawala. Tishio la kuvujisha picha lina kifungu chake, cha 23 katika sheria ile ile: kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Faini si chini ya shilingi milioni 5, kifungo si chini ya miaka 3.

Lakini soma tena maneno ya kijana uliyotunukulia: "na shule itakufukuza." Hakutumia picha peke yake. Ametumia picha pamoja na adhabu yenu. Binti angeweza kuja kwako tangu siku ya kwanza alipoombwa namba ya siri, ila alijua swali la kwanza litakuwa "kumbe una mwanaume?" na fimbo ingefuata. Kila shule inayochukulia uhusiano wenyewe kuwa ndilo kosa kubwa humpa mtesaji silaha ya bure. Kwa hiyo pendekezo la mwalimu wa nidhamu si kali mno wala si laini mno, ni kazi ya kijana inayomaliziwa na shule. Binti akichapwa mstarini, kila msichana aliyesimama pale atajifunza kwamba kijana alisema kweli. Mwambie mkuu wa shule hivyo hivyo, na mwombe jambo moja tu kwa maandishi: kwamba binti hataadhibiwa kwa sababu ya yale aliyoyaeleza. Ukilipata, mwonyeshe binti.

Kuhusu kukabwa, umeandika sentensi moja tu, nayo ndiyo iliyotushtua kuliko picha. Kukabwa koo na mpenzi ni miongoni mwa dalili nzito kwamba ukatili unaweza kufikia kuua, hata kama safari hii haikubaki alama. Shingo inaweza isionyeshe kitu na huku ndani kuna uvimbe au mshipa ulioumia. Muulize: sauti ilikauka? Alimeza kwa shida? Alipoteza fahamu, hata kwa sekunde chache? Alijikojolea? Macho yalitoka vidoa vyekundu? Jibu moja la ndiyo linatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tukio lina siku kadhaa.

Muulize pia, kwa sauti ya kawaida, kama amewahi kulazimishwa jambo lolote la mwili asilolitaka. Kama halijapita saa 72, hospitali inaweza kumwanzishia dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, na inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Nguo za siku hiyo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye gazeti, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hutunza unyevu na ushahidi unaoza. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Ulizia kama wilaya yenu inacho kabla ya kumzungusha mtoto ofisi hadi ofisi. Swali la mwisho la siku hiyo, ambalo walimu wengi huliogopa: "Umewahi kufikiria kujidhuru?" Kuliuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na asirudi nyumbani bila mtu mzima aliyeelezwa.

Mazungumzo haya yasifanyike ofisi ya walimu. Tafuta mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, kwa mfano benchi la uwanjani. Usimwahidi siri, kwa sababu utalazimika kuivunja. Sema hivi: "Sitawaambia wote. Kuna watu wawili lazima niwaambie, na nitakutajia ni akina nani kabla sijawaambia." Uliza maswali yaliyo wazi: nini kilitokea, nani mwingine anajua, unaogopa nini kitatokea leo ukifika nyumbani. Swali la "kwa nini ulituma?" liache kabisa. Halina jibu litakalokusaidia, na mtoto akishalisikia hufunga mdomo. Andika maneno yake kama alivyoyasema, nusu ukurasa au ukurasa mmoja, weka tarehe na saa, saini, funga kwenye kabati. Daftari la makosa la shule si mahali pake. Usimwite kila mwalimu naye amhoji kwa zamu yake. Kusimulia mara nne kunamchosha mtoto, na maelezo manne yanayopishana kidogo ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoyashikilia mahakamani.

Tuje kwenye simu. Umesema kijana anasoma meseji hata akiwa kwao, na pengine mnadhani siri ni ile namba ya kufungulia simu. Mara nyingi siyo. WhatsApp ina sehemu inayoitwa Vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako kwa sekunde chache, akaskani kwayo msimbo unaoonyeshwa kwenye skrini ya simu au kompyuta nyingine, anakuwa na WhatsApp yako kamili huko aliko. Vifaa hadi vinne vinaweza kuunganishwa namna hiyo, na kubadili namba ya siri ya skrini hakuviondoi. Binti aingie kwenye mipangilio, afungue sehemu hiyo, na kila kifaa asichokitambua akibonyeze na kukiondoa. Kisha awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa tarakimu sita, asitumie tarehe yake ya kuzaliwa.

Njia ya pili ni akaunti ya Google. Simu nyingi za wanafunzi zilifunguliwa akaunti na fundi dukani au na huyo huyo mpenzi, kwa hiyo nywila anayo mwingine, na kwa nywila hiyo anaona picha zilizohifadhiwa na pengine mahali simu ilipo. Abadili nywila, aangalie orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, abadili na namba ya kurejeshea akaunti kama siyo yake au ya mzazi. Kwenye Google Maps aangalie kama anashiriki mahali alipo na mtu.

Sasa angalizo, na hapa ndipo wengi huharibu. Kifaa cha kijana kikiondolewa, ataliona palepale. Usilifanye hili Ijumaa saa kumi wakati binti anakwenda kutembea peke yake njia ile ile. Lifanye baada ya ushahidi kuhifadhiwa, mtu mzima wa nyumbani akiwa anajua, na njia ya kurudi ikiwa imepangwa. Kumblok ndiyo hatua ya mwisho kabisa. Watu huianza kwa hasira, kijana naye anajibu kwa kupandisha picha.

Ushahidi wenyewe ni vitisho, si picha za utupu. Apige skrinshoti za meseji zenye tishio, tarehe na saa zikionekana. Kijana amehifadhiwa kwa jina gani kwenye simu? Kama ni "Mpenzi" au emoji ya moyo, skrinshoti hiyo haimtambulishi mtu, kwa hiyo afungue ukurasa wa mawasiliano wa namba hiyo apige na wenyewe, ile +255 ionekane yote. Afanye mapema, kwa sababu aliyetuma anaweza kuifuta meseji kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na meseji za kutoweka zinaweza kupangwa zipotee baada ya saa 24. Tishio lililotumwa kwa mtindo wa kutazama mara moja halikubali skrinshoti; hilo lirekodiwe kwa simu nyingine. Asifute mazungumzo. Kama shule imeshika simu ya mwanafunzi mwingine inayosemekana ina picha, msiifungue na msidai namba ya siri. Iwekwe hali ya ndegeni, iingie kwenye bahasha, aliyeitoa na aliyeipokea wasaini juu ya mfuniko na saa iandikwe, kisha ikabidhiwe polisi kwa saini.

Taarifa inakwenda wapi? Kuna Ofisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Inasema mwanajamii. Haisemi mkuu wa shule. Kwa hiyo mweleze mkuu wako, mpe nafasi ya kuongoza, lakini kibali chake si sharti. Kituo kikiwa mbali au ukizungushwa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina makato. Nenda na nakala ya cheti cha kuzaliwa, au mzazi atakayethibitisha tarehe. Kesi za watoto hukwama mahakamani kwa sababu umri ulitajwa tu bila kuthibitishwa. Kama ana maumivu au aliguswa kingono, polisi watatoa fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza.

Usimwahidi binti kwamba kijana atafungwa wala kwamba hatafungwa. Kijana ana miaka 17, naye ni mtoto, suala lake lina utaratibu wake kwenye Mahakama ya Watoto. Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa hata kama alikubali. Hilo ni la polisi na waendesha mashtaka. Kazi yako si upelelezi, na kadiri unavyouliza undani ndivyo unavyoharibu.

Wazo la wazazi kuyamaliza wenyewe hatuliungi mkono hata kidogo. Tunajua linavyokwenda: pesa inatolewa, baba anapokea, shahidi haendi mahakamani, na kijana bado ana picha. Wazazi waelezwe, ndiyo, lakini muulize binti kwanza nani nyumbani atasikia bila kupiga. Inaweza kuwa mama mdogo au bibi. Zungumza na huyo kwanza, binti akiwepo, na uanze na "mtoto wako ametendewa kosa" kabla hujafika kwenye neno picha. Baba akisema basi aolewe yaishe, mwambie bila kuzungukazunguka kwamba marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanakataza kumwoza au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na kifungo chake ni miaka 30.

Kuhusu picha iliyokwisha kuzunguka: kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyonywa. Ni ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, na haiulizi jina. Picha haitoki kwenye simu. Inatengenezewa alama ya tarakimu, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuikamata ikipandishwa. Binti aifanye mwenyewe kwenye simu yake, akiwa na mtu mzima jirani ambaye haangalii skrini. Haifiki ndani ya magrupu ya WhatsApp, kwa sababu meseji za huko zimefungwa kwa siri njia nzima, hata WhatsApp wenyewe hawazioni. Huko mnategemea admini wa grupu, kitufe cha kuripoti, na neno la mwalimu wa darasa. Neno lenyewe liwe fupi, darasani, si mstarini: "Kuna picha inazunguka. Sitataja ya nani na sitaki kuambiwa. Kuisambaza ni kosa la jinai, hata kwa mtu mmoja. Aliye nayo asiitume popote, aje kwangu au kwa mwalimu wa malezi kabla ya Ijumaa, hatachapwa." Nendeni darasa zima. Msiwatenge wasichana kuwapa somo la kujiheshimu, kwa kuwa waliosambaza wengi wao hawamo kwenye chumba hicho.

Na sasa wenzako. Tunawaelewa kuliko unavyodhani. Walifundishwa kuuona ukatili kwenye ngumi na damu, na huu unapita kwenye simu ambayo shuleni hairuhusiwi. Simu iko nyumbani, lakini dalili zake zinaingia darasani kila asubuhi. Wewe mwenyewe umetuandikia tatu bila kujua. Anayesinzia kipindi cha kwanza huenda anaamshwa usiku ajibu. Anayekimbia kengele ikilia huenda amehesabiwa dakika kutoka getini hadi aonekane yuko hewani. Anayeomba simu ya mwalimu anaogopa adhabu ya kuchelewa kujibu. Ongeza hizi: sweta jua kali la saa saba, hela ya chakula inayoishia kwenye vifurushi vya intaneti, mwanafunzi aliyeacha marafiki wote ndani ya mwezi mmoja, darasa linalonong'ona "koneksheni", yaani picha za utupu zilizovuja, kila msichana fulani anaposimama kujibu swali. Na ile ambayo walimu huisifu kabisa, kijana anayemsindikiza msichana mpaka mlango wa choo na kumjibia akiulizwa. "Anamlinda," tunasema. Dalili moja haithibitishi kitu. Mbili au tatu ndani ya wiki mbili zinatosha kumwita mtoto faragha, kama ulivyofanya.

Usiombe semina ya siku nzima. Zipo nyingi, zina projekta na picha ya pamoja, na walimu hutoka wakijua tafsiri ya ukatili lakini hawajui ufunguo wa kabati la taarifa uko kwa nani. Omba dakika 40 kwenye vikao vitatu mfululizo. Kikao cha kwanza chukua rejista za mahudhurio za darasa mojamoja, kila mwalimu wa darasa ataje wanafunzi watatu waliobadilika na awe na ushahidi wa rejista, si hisia. Kikao cha pili gawa kadi zenye matukio, kila mwalimu aandike kimya atakachofanya kwanza kabla ya kujadiliana. Ukiacha waseme tu, mwenye sauti kubwa ataamua kwa niaba ya wote. Kadi moja iwe ya yule kijana wa mlango wa choo, nyingine ya mwanafunzi anayesema "Madam, usimwambie mtu".

Ya tatu iwe ya mvulana wa Kidato cha Pili aliyeanza kukopa hela kwa kila mtu baada ya kupata "rafiki wa kike" Facebook. Hii walimu huwa hawaioni kabisa. Mtu asiyemjua humtumia picha ya msichana iliyoibwa mahali, humwomba na yeye ya kwake, na ndani ya saa chache anadai pesa kwa simu, la sivyo picha iende kwa mama yake. Wavulana hudaiwa pesa, wasichana hudaiwa picha zaidi. Akilipa, bei inapanda. Asilipe, asijibu, ahifadhi namba iliyodai na jina lililosajiliwa linalotokea wakati wa kutuma pesa, na taarifa ifuate njia ile ile ya polisi au 116. Wavulana hawa hunyamaza kwa aibu, na aibu hiyo imewafikisha baadhi yao kujiua katika nchi mbalimbali, kwa hiyo lile swali la kujidhuru ni lao pia.

Kikao cha tatu andikeni ukurasa mmoja: nani hupokea taarifa (wawe wawili, mwanamke na mwanamume), inaandikwa wapi, nani hupiga simu ustawi wa jamii na ndani ya muda gani, na nani hapaswi kujua. Namba zibandikwe. Kama shule ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, ukurasa huo uwe wa dawati. Kama halipo, huu ndio mwanzo wake. Andikeni pia tuhuma zikimhusu mwalimu taarifa itapita wapi, na mlango huo usiwe ofisi ya rafiki yake.

Mwenzako akiendelea kusema ni mambo ya utoto, mpe takwimu hii. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walikumbwa na unyonyaji au udhalilishaji wa kingono wa mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, makadirio ya kama watoto 200,000. Waliofika polisi au kupiga namba ya msaada walikuwa wachache mno.

Limebaki la kijana. Msimwache akidhani mnamsubiri afungwe, na msimhubirie. Mwalimu mwanamume anayemheshimu akae naye, amwambie mambo ya kutofanya: asimsogelee, asitume ujumbe kupitia marafiki, asifute kitu kwenye simu. Badilisheni zamu za usafi na muda wa kutoka wasikutane getini, na anayehamishwa zamu awe yeye, si binti. Wewe kutana na binti kila wiki kwa mwezi wa kwanza, dakika kumi tu, umuulize yale yale: amekutafuta, kwa namba gani, umelala.

Na weka alama kwenye kalenda yako mwanzoni mwa Oktoba. Novemba kijana anafanya mtihani wa Kidato cha Nne, na watu hudhani akishamaliza shule tatizo limeondoka naye. Atakuwa mtaani na simu mchana kutwa, bila kengele, bila mwalimu wa zamu, na binti bado ana mwaka mzima wa kupita njia ile ile. Kabla hajamaliza, kaa na binti na yule mtu mzima wa nyumbani mpange upya: nani anarudi naye, simu inakaa kwa nani usiku, na namba mpya zikianza kupiga nani anaambiwa siku hiyo hiyo.